Makombe au Mti wa Ufukweni: Lipi Pambo Bora la Nyumba?
Kwa upande wa gharama, makombe ya baharini na vipande vya mti vilivyotupwa ufukweni na maji vyote huokotwa bure pale sheria za ufuko zinaporuhusu, ila makombe huhitaji gundi na subira, ilhali kipande kimoja cha mti uliolainishwa na mawimbi, kikitundikwa ukutani kwa kamba ya katani, tayari ni pambo.

Kwa uimara makombe yanashinda. Yameumbwa kwa kalisi kaboneti, yaani madini ya mawe ya chokaa, hivyo hayaozi wala hayaliwi na wadudu, ingawa huvunjika yakianguka. Mti huweza kuingia ndani pamoja na wadudu watobozi, na chumvi iliyomo huvuta unyevu. Kwa hiyo unapaswa kulowekwa siku kadhaa katika maji yasiyo na chumvi, yakibadilishwa mara kwa mara, kisha ukaushwe kabisa.

Utunzaji wa makombe ni mwepesi, mradi yasisuguliwe kwa siki wala ndimu, kwani asidi huyala na kufifisha mng'ao wake. Okota matupu pekee: lenye kaa ndani ni makazi yake, na akifia kabatini, harufu yake haitavumilika.

Mwenye watoto watundu atanufaika zaidi na mti uliofungwa imara. Bafu lenye unyevu mwingi, kwa maoni yangu, linafaa makombe.