Kulala Dodoma: Hoteli ya Ghorofa Mjini au ya Kando ya Maji?

Dodoma mjini hakuna ziwa, kwa hiyo anayetaka kulala kando ya maji katika kanda hii hana budi kuongeza safari. Mpangilio ufuatao unamlenga mgeni mwenye shughuli rasmi, mwenye siku mbili au tatu na asiye na gari.

Nafasi ya kwanza naipa hoteli ya ghorofa ya katikati ya jiji. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu huweza kufika asubuhi na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mwenye miadi Mtumba ajumlishe nauli, kwa kuwa Mji wa Serikali uko takriban kilomita 17 kutoka katikati. Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapoketi, vyumba huwa adimu na bei hupanda, hivyo weka nafasi mapema na uulize kama bei uliyotajiwa ina VAT na kifungua kinywa. Ukidai fedha zako kwa mwajiri, hakikisha utapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi.

Ghorofa ya juu ina mandhari nzuri, lakini mandhari hayapandishi mizigo. Waulize mapokezi kama umeme ukikatika jenereta huendesha lifti na pampu ya maji, au huwasha taa za korido tu. Dodoma ni nyanda kame na maji ya mgao si jambo geni. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kukiona chumba na ufungue bomba la mvua mwenyewe. Maji yakitoka kwa kusuasua mchana, wakati wageni wengi hawapo, alfajiri wote watakapooga pamoja hali itakuwa mbaya zaidi. Binafsi huchagua ghorofa ya pili au ya tatu, upande usiotazama barabara wala baa.

Ya pili ni Singida, takriban kilomita 240 kwa barabara ya lami, ambako maziwa Singidani na Kindai yamo ndani ya manispaa yenyewe. Hapo unapata upepo wa ziwa bila kuachana na stendi, benki na duka la dawa, na kuku wa kienyeji wa Singida hawahitaji kutangazwa. Maji ya maziwa hayo ni ya chumvi, basi nenda kwa kuyatazama. Kagua chandarua kama kina matundu.

Mtera naiweka ya tatu, si kwa uzuri wake, bali kwa usumbufu wa kufika na kuondoka bila gari. Bwawa hili, lililo kwenye barabara ya Iringa, lilijengwa kwa ajili ya umeme, na kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua na matumizi ya maji. Picha iliyopigwa bwawa likiwa limejaa haikuonyeshi ufukwe utakaoukuta mwezi Oktoba au Novemba. Omba picha ya wiki hiyo. Samaki wabichi wapo, lakini viboko na mamba nao wapo, kwa hiyo usitembee ufukweni usiku.

Bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki ya jiji, linatosha kwa matembezi ya siku moja, kisha urudi kulala mjini.