Chaja ya waya au ya kulaza simu: ipi ununue kwanza?

Kama una hela ya chaja moja tu, nunua ya waya. Chaja isiyo na waya ni kitu kizuri, ninayo mezani na siitoi, lakini ni chaja ya pili. Wengi huanza nayo kwa kuwa inapendeza macho, halafu wanalalamika simu inachelewa kujaa. Nimezipanga kwa utaratibu ambao ningezinunua mwenyewe.

1. Kichwa cha USB-C chenye PD, na waya wa maana

Simu nyingi mpya zina tundu la USB-C. iPhone ilihamia huko na toleo la 15 mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukalifanya lazima kwa simu mpya zinazouzwa kwao kuanzia 28 Desemba 2024. Kwa hiyo chaja moja nzuri inaweza kuhudumia simu za nyumba nzima.

Kabla ya kulipa, geuza kichwa usome yale maandishi madogo. Ukikuta 5V na 2A tu, zidisha: ni wati 10, na hakitavuka hapo hata muuzaji akiapa. Tafuta kilichoandikwa pia 9V. 9V mara 3A ni wati 27, zinazotosha simu nyingi. PD ni utaratibu ambao chaja na simu hupatana umeme kiasi gani upite. Angalia tu kama simu yako ina mfumo wake wa kampuni, maana baadhi hufikia kasi ya juu kabisa kwa chaja yao pekee.

Waya ndio watu wanaoubania pesa, na ndio unaokufa mapema. Hukatikia shingoni, pale unapoingia kwenye plagi, basi pabonyeze hapo kabla ya kununua. Pakiwa laini kama uzi, rudisha. Ila usiulaumu waya haraka. Mimi nilishatupa waya mbili nikidhani zimekufa, na ya tatu nayo ikaanza kulegea. Nikazima simu, nikachokonoa tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Kikatoka kibonge cha vumbi la mfukoni, kikubwa kama punje ya mchele. Waya ule ule ukaingia mpaka mwisho.

2. Chaja ya sumaku ya Qi2

Ndani ya chaja hii kuna koili, yaani waya uliozungushwa duara, na nyuma ya simu kuna nyingine. Umeme unaozunguka katika ya kwanza huamsha umeme katika ya pili bila kugusana. Safari hiyo ina hasara: sehemu ya umeme hugeuka joto, na joto ndilo adui wa betri za lithiamu. Ndiyo maana simu iliyolazwa hupata moto kuliko iliyochomekwa, na mara nyingi hupunguza kasi yenyewe ili ipoe.

Hasara huongezeka koili zikipishana, na hapo ndipo sumaku inapofanya kazi. Apple waliianza na MagSafe, mfumo wao wa chaja ya sumaku, kwenye iPhone 12 mwaka 2020. Qi2, kiwango cha pamoja cha kuchaji bila waya cha mwaka 2023, ikaileta kwa simu za kampuni nyingine. Inatoa wati 15, na toleo jipya hufika 25. Nyingi huuzwa bila kichwa, kwa hiyo ukiichomeka kwenye kile kichwa chako cha zamani cha wati 5, usitarajie muujiza.

Ninachoipendea: tundu halichakai, na likilowa maji bado unaweza kuchaji, mradi umeifuta simu nyuma ikakauka. Kadi ya benki isikae kati ya simu na chaja. Mwenye kifaa cha moyo kifuani achukue tahadhari. Apple wanashauri umbali wa zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 simu ikiwa inachaji bila waya.

Hakikisha kwanza simu yako ina koili, kwa sababu nyingi za bei ya kati na ya chini hazina. Kuna vibandiko vya kuiongezea, lakini vinachomekwa kwenye tundu lile lile ulilotaka kulipumzisha. Sioni faida.

3. Sahani bapa isiyo na sumaku

Ni ya bei nafuu, na nilianza nayo. Usiku mmoja simu ilitetemeka kwa ujumbe, ikasogea upana wa kidole. Asubuhi nikaikuta na asilimia 12, ina joto, na taa ya chaja inapepesa kama inanicheka. Kava nene au lenye chuma nalo huizuia. Ukiipata kwa kupewa, sawa. Kama ni ya kusimamisha simu ni afadhali, angalau unaona skrini.

4. Pawabenki ya sumaku

Hii ningeiacha ya mwisho kabisa. Chaji unayobeba ni kidogo tangu mwanzo, halafu unaipoteza njiani kwa joto, tena ikiwa imebanwa mgongoni mwa simu mkononi mwako. Kama tayari unayo, tazama ubavuni: kwa kawaida ina tundu la USB-C. Rafiki yangu anayo ya aina hii na huitumia na kijiwaya kifupi.