Alloway kwa Safari ya Shule: Nyumba ya Robert Burns na Yanayoizunguka

Ukipeleka darasa Alloway, kijiji cha Uskoti alikozaliwa mshairi Robert Burns, anza na nyumba yake ya nyasi. Robert Burns Birthplace Museum, iliyo chini ya National Trust for Scotland (shirika la kutunza turathi za Uskoti) kusini mwa mji wa Ayr, ina egesho na mgahawa kwenye jengo jipya, na basi likishusha watoto hapo kila mtu huvutwa kuingia humo kwanza. Wakifika nyumbani kwa mshairi wameshachoka na maandishi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na baba yake, William, mwaka 1757. Burns alizaliwa humo tarehe 25 Januari 1759. Watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, na kitanda kiko ndani ya ukuta wa jikoni. Mtoto akisimama pale dakika tano, umaskini wa mkulima hauhitaji tena hotuba ya mwalimu.

Toka hapo kwa miguu, kama dakika kumi, kwa kijia kiitwacho Poet's Path. Kwenye sanamu ya panya mkubwa simameni msome “To a Mouse”, shairi la 1785 kuhusu panya aliyebomolewa kiota na plau. Lina beti nane. Kwa watoto wa miaka minane au tisa, mbili za kwanza na ile ya saba zatosha. Kila ubeti una mishororo sita: wa 1, 2, 3 na 5 ina kina kimoja, wa 4 na wa 6 ni mifupi na ina kina chake. Mtoto aliyezoea tarbia atalinasa hilo kabla ya wenzake.

Jengo la makumbusho ni zuri ila mwanga ni hafifu, na maelezo yamechanganywa na Kiskoti, kwa hiyo wageni wa lugha hukwama. Nusu saa inatosha. Tafuteni kitabu cha kwanza cha mashairi ya Burns, kilichotoka mjini Kilmarnock mwaka 1786, kilichochapwa nakala 612. Mwaka huohuo Burns alikuwa tayari kwenda Jamaica kufanya kazi kwenye shamba la watumwa. Mafanikio ya kitabu yakamzuia. Kwa darasa la juu, jambo hili lisirukwe.

“Tam o' Shanter”, shairi la Burns kuhusu mlevi anayekimbizwa na wachawi usiku, ina mishororo zaidi ya 200, na ukiisoma yote utawapoteza. Simulia kwa nathari kwenye magofu ya kanisa, walikocheza wachawi, kisha nendeni kwenye daraja la Brig o' Doon, farasi wa Tam alikokatwa mkia. Mvua ikinyesha, mawe ya daraja huteleza.

Karamu ya Januari, ya kumkumbuka Burns siku aliyozaliwa, ifanyeni shuleni baadaye. (Ya kwanza, mwaka 1801, ilifanyika katika nyumba ileile aliyozaliwa, tena Julai, mwezi aliofariki.) Haggis, chakula kikuu cha karamu hiyo, ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, oti, vitunguu na shahamu, huuzwa ikiwa imeshaiva, na ipo isiyo na nyama kabisa. Ipashe kwa maji ya moto yasiyotokota, la sivyo ngozi hupasuka. Kwa kuonja, gramu 50 kwa mtoto, pamoja na viazi na tanipu za kupondwa. Kisu huingia kwenye ubeti wa tatu wa “Address to a Haggis”, shairi la Burns linalosomwa mezani, na akate mtu mzima, maana mvuke hutoka kwa nguvu. Kwenye “Auld Lang Syne”, wimbo wa kufungia karamu, mikono hupishanishwa kifuani ubeti wa mwisho tu. Kabla ya hapo watoto washikane kawaida.