Kompyuta gani ununue kama unataka ruta ya OSPF na BGP

Watu wengi wakisikia BGP, protokoli ambayo mitandao mbalimbali ya intaneti inaambiana njia, wanawaza lisava lenye prosesa mbili na feni zinazolia kama jenereta, kumbe kazi ya hizi protokoli yenyewe ni nyepesi. OSPF, inayotafuta njia kati ya ruta za ndani ya mtandao wako, inasalimia ruta majirani kila sekunde 10, zikipita 40 hajaitikia mtu inamhesabu kafa na inatafuta njia nyingine, hesabu hiyo hata kompyuta ya ofisini ya miaka 8 nyuma inaifanya bila jasho. Hata ukiamua kubeba njia zote za intaneti nzima kwa BGP, ambazo kwa IPv4, zile anwani za intaneti zilizozoeleka, ni kama milioni 1, RAM ya GB 8 inatosha na chenji inabaki. Kinachowaangusha watu ni poti mbovu na umeme, basi. Kwa hiyo mashine za kununua nimezipanga nikimfikiria mtu mwenye ofisi ya laini mbili za intaneti, shule yenye majengo kadhaa, au anayeuza WiFi mtaani na ana minara miwili mitatu.

Namba moja kwangu ni desktopu ya mtumba, zile ndogo za ofisini zenye nafasi ya kuchomeka kadi (SFF), Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye Core i5 kuanzia kizazi cha 6, unaichomekea kadi ya netiweki ya Intel i350 ya poti 4. Kariakoo Dar zimejaa, Luthuli Avenue Nairobi zimejaa, pawa saplai ikifa asubuhi jioni umeshapata nyingine, na hilo kwangu lina uzito kuliko spidi yoyote. Hakikisha tu kadi ina lile bati fupi la nyuma, yenye bati refu haiingii kwenye hizo kesi. Alafu i350 feki ziko nyingi sokoni, kwa hiyo usilipe kwa kuangalia stika, poti zote 4 zisukumiwe data na iperf3, programu ya kupima spidi ya netiweki, hata nusu saa uone kama kuna inayodondoka.

Dukani nenda na waya wa netiweki na flashi ya kuwashia yenye Debian, ambayo ni Linux. Washa, andika lspci uone kadi zote zimetokea, chomeka waya poti moja baada ya nyingine uangalie taa. Ukimaliza fanya kitu ambacho muuzaji atakushangaa: mashine ikiwa inafanya kazi chomoa waya wa umeme ukutani, hesabu mpaka kumi, rudisha. Isipojiwasha yenyewe ingia BIOS, tafuta sehemu ya umeme ukirudi, weka iwake, ujaribu tena, na ikigoma mara ya pili iache hapo hapo mkuu, hata wakikupunguzia bei. Mimi niliwahi kupeleka moja kwenye tawi lenye ruta mbili bila kufanya hili jaribio. Jumamosi umeme ukakatika dakika tano tu, OSPF ikafanya kazi yake vizuri kabisa, trafiki yote ikahamia kwenye ruta ya pili iliyokuwa kwenye UPS, umeme ukarudi, ile mashine ikabaki imelala mpaka Jumatatu na tawi zima likabanana kwenye laini ya akiba ambayo ni nyembamba.

Ya pili ni mini PC ya prosesa ya Intel N100 yenye poti 4 za Intel i226, zile za giga 2.5. Haina feni, inakula umeme kidogo sana na nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo kwenye mnara wa sola hii inapanda namba moja bila ubishi, ila weka regyuleta katikati maana betri ikiwa inachajiwa inavuka volti 14. Nunua isiyo na RAM wala diski uweke zako za uhakika. Tatizo lake bodi ikifa unasubiri mzigo mwingine kutoka China, na ukiifungia kwenye kabati la Dar au Mombasa bila hewa inaungua taratibu.

Ya tatu sio kompyuta lakini lazima niseme ukweli, ruta za MikroTik zilizo tayari. Kama unachotaka ni OSPF tu kati ya sehemu tatu, nunua hiyo umalize, mafundi wanaoijua ni wengi. Zile ndogo zenye RAM ya MB 256 usizipe BGP ya njia zote.

Raspberry Pi ni ya kujifunzia. Ina poti moja, memori kadi hazipendi kukatikakatika kwa umeme, na 3B+ poti yake inapitia USB 2.0 kwa hiyo haivuki kama Mbps 300.

Mwisho kabisa sava la mtumba la kwenye raki. Wati 100 usiku na mchana ni uniti 72 kwa mwezi, wakati desktopu ya wati 20 inakula 14 na kidogo. Hilo libebe kama unalipeleka kwenye raki karibu na KIXP Nairobi au TIX Dar, vile vituo kampuni za intaneti zinapobadilishana trafiki, na una laini ya giga 10, huko pawa saplai mbili zina maana.

Sofwea ni bure, Debian na FRR au BIRD, programu zinazoendesha OSPF na BGP. Aliyezoea Cisco achukue FRR, ila asisahau kufungua /etc/frr/daemons abadilishe ospfd=no na bgpd=no ziwe yes, awashe ip_forward ili mashine ipitishe trafiki, na kwa laini mbili rp_filter aiweke 2, isije ikatupa paketi zinazorudi kwa njia nyingine. Jirani wa OSPF akikwama kwenye hatua ya ExStart angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, za pande zote mbili kabla hujairudisha kadi dukani.

Hela inayobaki nunua UPS ndogo, na swichi na redio uzichomeke humo humo, sio ruta peke yake.