Taa za sensa ofisini kwetu: nyota mbili kati ya tano

Ofisi yetu imefungiwa taa za sensa ya mwendo, zikaja pamoja na utaratibu mzima wa kubana umeme: kiyoyozi hakishuki chini ya nyuzi 26 na swichi za ukutani zimeondolewa. Nimeishi nazo muda wa kutosha kuzisemea, na nazipa nyota mbili. Hizo mbili ni za korido na stoo, tena ni haki yao. Unaingia stoo na mafaili mikono yote miwili, taa inawaka. Unatoka, inazimika, wala haisahauliki ikiwaka hadi asubuhi. Shida iko kwenye chumba tunachokaa kutwa nzima.

Kazi yangu ni kuhakiki hesabu. Mhakiki hatembeitembei. Anatulia na safu za tarakimu, na akikatizwa katikati inambidi arudi juu aanze upya. Sasa sensa yetu iliwekewa dakika 5. Zikipita bila kuona mtu akisogea, taa za upande wetu zinazimika zote kwa mpigo. Tunapunga mikono, haituoni. Mmoja anainuka, anakwenda hadi karibu na mlango, taa zinarudi, anakaa. Muda si mrefu tunarudia yale yale. Anayeumia ni yule aliyezama kwenye kazi, maana mwenye kuzurura kutoka meza hii hadi ile hajawahi kuzimiwa taa.

Nilimuuliza fundi aliyekuja kukagua, naye alinieleza vizuri kuliko wote waliotuletea matangazo ya mfumo huu. Sensa ya aina yetu, ya infraredi, haijui kama mtu yupo au hayupo. Inachokamata ni joto la mwili linapohama kutoka eneo moja la upeo wake kwenda jingine. Anayekatiza mbele yake inamwona upesi; anayeielekea moja kwa moja inamwona kwa shida; vidole vinavyochapa kwenye kibodi mbali nayo haivioni kabisa. Haioni nyuma ya kizigeu, na kioo nacho kinaizuia. Yetu imefungwa juu ya mlango, nasi tumekaa nyuma ya vizigeu. Kuna na jingine ambalo sikulitarajia: sensa hiyo hutegemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la vilivyo nyuma yake, kwa hiyo kadiri chumba kinavyopata joto ndivyo uwezo wake unavyopungua. Hatua moja ya kubana umeme inaiharibia nyingine kazi.

Ziko sensa zinazotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupima yanavyorudi. Hizo hufika hata nyuma ya vizigeu, ingawa upepo wa kiyoyozi unaweza kuzidanganya. Ziko pia zinazounganisha njia zote mbili, ambazo ndizo zinazofaa chumba chenye watu waliotulia. Aliyeagiza za kwetu angeuliza tu watu wa chumba hiki wanafanya kazi gani, angejua.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni choo. Humo taa imewekewa muda mfupi vilevile, sensa iko karibu na masinki, na mtu aliye ndani ya kijumba amefunga mlango haonekani. Giza linamkuta hapo hapo, sakafu ina maji, hakuna swichi ya kupapasa. Mwenzetu mjamzito siku hizi haendi bila mtu wa kumsindikiza asimame pale nje kwenye masinki. Hili nalisema kwa uchungu. Hakuna umeme unaookolewa hapo unaolingana na mtu kuteleza akaanguka.

Na umeme wenyewe ni kiasi gani? Chumba chetu kina tyubu 12 za zamani, zile za gesi, wati 36 kila moja. Jumla ni wati 432, yaani zikizimika saa nzima tumeokoa chini ya nusu uniti. Chumba cha mikutano kina kiyoyozi ambacho mara nyingi huachwa kikifanya kazi tangu jioni hadi asubuhi. Tuseme kinavuta wastani wa wati 1,000 kwa saa 14: hizo ni uniti 14. Usiku mmoja wa kiyoyozi kile unameza akiba ya zaidi ya saa 30 za sisi kukaa gizani. Juu ya hayo, tyubu za gesi huchakaa kila zinapowashwa, na zetu zimeanza kupepesa na kufa mapema. Zingebadilishwa ziwekwe za LED za wati 18, matumizi yangeshuka kwa nusu mchana kutwa, bila kumzimia mtu yeyote, na LED haziumizwi na kuwashwa na kuzimwa.

Kuhusu nyuzi 26, sina ugomvi na namba. Japani ilipoanzisha Cool Biz, kampeni yake ya kubana kiyoyozi maofisini, mwaka 2005 iliweka nyuzi 28, juu zaidi ya zetu. Lakini wenzetu waliambiwa pia wavue tai na koti. Kwetu kiyoyozi kimepunguzwa na agizo la tai limebaki pale pale, mtu anatoka jasho shingoni huku mbele yake kuna mteja.

Tuliandika barua, tukaambatisha hesabu ya zile uniti. Fundi akarudi na kuusogeza muda wa chumba chetu hadi dakika 20. Ilikuwa kazi ya kupanda ngazi na kugeuza kitufe kidogo ndani ya sensa, basi. Tangu hapo nafika mwisho wa ukurasa taa zikiwaka. Kama ofisi yenu ndiyo kwanza inataka kufunga hizi taa, dai mambo matatu kabla fundi hajaondoka: muda usiopungua dakika 15 kwenye vyumba vya kukaa, sensa juu ya vijumba vya choo na si kwenye masinki peke yake, na swichi ya mkono ibaki ukutani. Sisi tumepata la kwanza tu. La choo tumejibiwa kwamba linasubiri bajeti, na hadi lifanyiwe kazi nyota zangu ni mbili.