W.E.T. (2009): gita zito, na sauti tatu nyuma yake

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Bukoba, na napiga kinanda. Nalisema mapema ili msomaji ajue napima kwa mizani gani. Nikipewa albamu ya roki siulizi gita lina kasi kiasi gani. Nauliza kibwagizo kinaimbika? Sauti za nyuma zimepangwa, au wamerundika watu wapige kelele? Na mwimbaji akifika juu kabisa, anaimba bado au anapiga yowe?

Kwa mizani hiyo, albamu ya kwanza ya W.E.T., bendi ya roki ya mtindo wa miaka ya themanini, iliyotoka mwishoni mwa 2009 na kupewa jina la bendi yenyewe, inafaulu vizuri. Ina dosari zake, na moja inaniudhi kwelikweli, nitaifikia.

Jina la bendi ni herufi za bendi tatu: Work of Art, Eclipse na Talisman, zote za Uswidi. Work of Art wametoa Robert Säll, mpiga gita na kinanda. Eclipse wametoa Erik Mårtensson, ambaye ni mwimbaji kwao lakini hapa ameshika besi, gita, sauti za nyuma na uprodyuza. Talisman wametoa Jeff Scott Soto, Mmarekani mzaliwa wa Brooklyn, na huyo ndiye anayeongoza kuimba. Gita la solo ni la Magnus Henriksson, naye wa Eclipse, na dramu kapiga Robban Bäck.

Aliyewakutanisha ni kampuni ya Frontiers ya Naples, Italia. Serafino Perugino aliianzisha mwaka 1996 na akaipa jina la albamu ya 1983 ya Journey, bendi ya roki ya Marekani, kwa hiyo mapenzi yake hayafichiki. Tabia ya kampuni hii ni kuokota mwimbaji huku, mpiga gita kule, kuwapa nyimbo na kuwaita bendi. Bendi za namna hiyo nimezisikia nyingi, na nyingi hazina damu. Kila mtu kafanya kazi yake, kalipwa, kaondoka, na masikioni mwako hakuna kilichobaki. Kwa hiyo nilianza kuisikiliza hii nikiwa nimekunja uso.

Uso ulikunjuka kwenye wimbo wa pili.

Wa kwanza, "Invincible", ni wa kubisha hodi: gita zito, mwendo wa haraka, mwimbaji anaingia kifua mbele. Ni mzuri, lakini ungeweza kuwa wa bendi nyingine yoyote ya aina hii. Unaofuata ni "One Love" (si ile ya Bob Marley, tulia), na hapo ndipo unaelewa hawa watu wamekutana kufanya nini. Beti zinatembea kwa utulivu, daraja (kipande kinachovusha kutoka beti kwenda kibwagizo) linainua kidogo, kisha kibwagizo kinafunguka na sauti za nyuma zinaingia zote kwa pamoja. Nilivaa hedifoni nikajaribu kuziandika kwa sol-fa kama ninavyowaandikia wanakwaya ubaoni. Sauti ya kwanza ni ya Soto, hiyo hata mtoto ataipata. Chini yake nikapata ya pili na ya tatu, kila moja ikiwa na njia yake, hazigongani wala hazimfunikii mwenzao. Kwenye roki hilo si jambo dogo. Wengi hurekodi sauti ileile mara kumi na mbili wakadhani wamepata kwaya. Wamepata mtu mmoja mnene.

Miaka ya themanini hapo ndipo ilipo hasa. Siku hizi kijana akisema anafanya roki ya themanini, anakuonyesha nywele, suruali za kubana na taa za waridi kwenye video. Wenyewe wa zamani walikuwa na nywele, sikatai, lakini kilichouza kaseti kilikuwa ujenzi wa wimbo. Journey wa 1981, Foreigner wa 1984, Def Leppard wa 1987: kibwagizo kinafika mapema, kinarudi kikiwa kimenenepa, solo ya gita ni fupi na unaweza kuiimba kwa mdomo, na kinanda kinashikilia kila kitu kwa chini bila kujitangaza. W.E.T. wamechukua ujenzi huo wakaacha mavazi. Mpaka solo za Henriksson zina nidhamu. Anaingia, anasema alichotumwa, anatoka. Kwenye dansi yetu solo ikishaingia ujue sebene limeanza na hakuna wa kuangalia saa. Hawa wana nusu dakika tu, na wameitumia vizuri.

Mtu wa kwaya ameingiaje huku, naulizwa mara nyingi. Nimeingilia kanisani. "I Want to Know What Love Is" ya Foreigner ina kwaya ya injili nyuma yake, New Jersey Mass Choir, na kaka yangu alikuwa nayo kwenye kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine. Mvumo wa mkanda ulikuwa mkubwa karibu sawa na muziki, lakini kwaya ilisikika. Nikawa nasubiri iingie. Mpaka leo nasikiliza roki hivyohivyo, nasubiri kwaya iingie.

Na Waswidi kwa mtu wa Bukoba si wageni. Askofu wa kwanza wa Walutheri hapa, Bengt Sundkler, alikuwa wa huko, kabla ya Josiah Kibira kushika kiti mwaka 1964. Sisemi kwamba gita la Eclipse limetokea kwenye tenzi. Nasema tu kwamba nikisikia Waswidi wakipanga sauti nne sishangai sana.

Tumrudie Soto, maana bila yeye tusingekuwa na albamu ya kuzungumzia. Alipata jina akiwa kijana mdogo, kwenye albamu mbili za mwanzo za mpiga gita wa Uswidi Yngwie Malmsteen za 1984 na 1985, ambako kazi yake ilikuwa kuimba katikati ya mvua ya noti za gita. Baadaye akawa Talisman miaka mingi, na mwaka 2006 akaingia Journey wenyewe, akakaa chini ya mwaka mmoja akaondolewa. Koo lake lina soul ndani, ule uimbaji wa hisia wa Wamarekani weusi, na hilo ndilo linalomtenga na wenzake. Waimbaji wengi wa mtindo huu wana sauti nyembamba ya juu, safi, inayopita sikioni bila kuacha alama. Soto ana mchanga kidogo kooni. Anaweza kuchelewesha neno nusu pigo, akalivuta, akalitua pale ambapo hukutegemea. Kijana wetu wa mitambo, ambaye roki kwake ni kero, alinikuta nasikiliza "Comes Down Like Rain" akasimama mlangoni.

"Mwalimu, huyu ni mtu wa kanisa?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Anaimba kama mtu anayeungama."

Nikamwachia kiti. Huo ni wimbo wa taratibu, unaanza chini, na Soto haharakishi kupanda. Anakaa kwenye sauti ya kifua muda mrefu kuliko ulivyozoea kwenye balada za roki, kiasi kwamba anapopanda kweli unajua amepanda. Wanakwaya wangu wa sauti ya tena ningewafungia chumbani na wimbo huo wiki nzima, wajifunze kuweka akiba.

Kuna kivuli juu ya albamu hii ambacho hakitajwi kwenye nyimbo. Herufi ya T ni ya Talisman, na Talisman ilikuwa bendi ya Marcel Jacob, mpiga besi, aliyekuwa na Soto tangu enzi za Malmsteen. Jacob alifariki Julai 2009, miezi michache kabla ya albamu kutoka. Kwa hiyo ilipofika madukani, moja ya zile herufi tatu ilikuwa tayari ya bendi isiyo na mwenyewe. Siwezi kusikiliza "Brothers in Arms" bila kulikumbuka hilo, ingawa wimbo wenyewe ni wa kuinua mikono uwanjani, wala si maombolezo.

Kinachofanya mchanganyiko huu ukolee, kwa maoni yangu, ni kwamba Säll na Mårtensson hawapendi kitu kimoja. Säll ni mtu wa Toto, bendi ya Marekani. Sikiliza albamu ya kwanza ya Work of Art ya 2008 utasikia: kodi tamu, kinanda kinachong'aa, kila kitu kimepigwa pasi. Mårtensson yeye anataka gita likukamate shati. Ukimwacha Säll peke yake, kwangu inakuwa laini mno, nasinzia. Ukimwacha Mårtensson peke yake, kinanda kinafukuzwa chumbani. Hapa wanavutana wimbo baada ya wimbo, na unasikia kamba ikiwa imekaza. "One Love" na "I'll Be There" kamba imekwenda upande wa Säll. "Damage Is Done" na "Put Your Money Where Your Mouth Is" imekwenda upande wa pili, na huko Soto anakuwa mkali, anakaribia ule mdundo wa Talisman. Pale kamba inaposimama katikati ndipo penye nyimbo bora.

Sasa malalamiko.

Maneno ya nyimbo ni mepesi. Mapenzi yamekufa, mapenzi yatarudi, nitasimama, sitaanguka, nikianguka je. Hata majina ya nyimbo yanaonekana yameazimwa: "One Love" tunajua ni jina la nani, "Brothers in Arms" Dire Straits walikuwa nalo tangu 1985, "I'll Be There" Jackson 5 walikuwa nalo tangu 1970. Nyimbo hazifanani na hizo hata kidogo, ni majina tu, lakini mtu aliyehangaika hivi na melodi angehangaika pia dakika tano na kichwa cha wimbo. Mtetezi wao ataniambia themanini ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo, na hilo ndilo tusilolazimika kulirudisha.

Nyimbo ni kumi na mbili. Zingekuwa kumi ningefurahi zaidi. Baada ya "Damage Is Done" albamu inaanza kujirudia, na "My Everything" nimeisikiliza mara nyingi bila kubaki na chochote, nikija kustuka "If I Fall" imeanza. Hii ya mwisho, kwa bahati nzuri, ni balada inayostahili nafasi yake.

Lakini kubwa ni sauti yenyewe, namna ilivyorekodiwa na kubanwa. Kijana wa mitambo aliifungua kwenye kompyuta ya kanisa, kwenye ile programu tunayokatia nyimbo za kwaya, akaniita nione. Kwenye nyimbo zetu mawimbi yanapanda na kushuka: hapa akina mama wanaanza polepole, pale wote wanaingia. Kwa W.E.T. wimbi lilijaa dirisha kutoka juu hadi chini, tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo.

"Tofali," akasema.

Tofali kweli. Na ukishaliona unaanza kulisikia. Beti ya polepole na kibwagizo vina ukubwa uleule. Sneya, ile dramu ya mlio mkali wa katikati, haina ule mwangwi mkubwa unaokatwa ghafla, alama ya dramu za miaka ile. Inapiga kavu na karibu, kisasa kabisa. Kinanda, ambacho kwenye rekodi za zamani kilikuwa na hewa ya kuzunguka, hapa kimebanwa kati ya gita mbili kikihema. Mtu amejenga nyimbo zenye ngazi nzuri hivi, halafu wakati wa kumalizia akasawazisha ngazi zote ikawa sakafu. Baada ya nyimbo sita mfululizo masikio yangu huomba mapumziko, na nadhani hata ile nusu ya pili ya albamu inaonewa kwa sababu hiyo. "My Everything" ukiisikiliza asubuhi, peke yake, huwa afadhali kidogo.

Dawa niliyopata ni kuisikiliza kwa spika badala ya hedifoni, volyumu chini ya nusu, na kuigawa: nyimbo tano za mwanzo siku moja, zilizobaki siku nyingine. Kaseti zilikuwa na upande A na upande B, ulikuwa unapata muda wa kunyanyuka kuigeuza. Kwa anayetaka kuonja tu kabla ya kumaliza kifurushi chake cha intaneti, ashushe "One Love", "Comes Down Like Rain" na "Brothers in Arms". Asipozipenda hizo tatu, zile tisa asijisumbue nazo.

Hawakuishia hapo, tofauti na miradi mingi ya Naples. Ya pili, "Rise Up", ilitoka 2013, na nyingine zimefuata. Hiyo "Rise Up" nimeianza wiki hii. Gita limeongezewa uzito, Mårtensson naona kaivuta kamba kwake, na kinanda cha Säll inabidi ukitafute. Kijana wa mitambo anasema hii ndiyo bora. Tumebishana mpaka wanakwaya wakafika mazoezini.