Nilivyopeleka senti zetu za tundu kupimwa daraja

Naishi Kisumu na nakusanya senti za shaba za Afrika Mashariki ya kikoloni: senti 5, ndururu ya wazee wetu, na senti 10 yenye pembe za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu. Majuzi nilizipeleka chache kwa kampuni ya Marekani inayopima daraja za sarafu, kupitia wakala wa Nairobi. Naipa huduma nzima nyota tatu.

Rangi ndiyo iliyonisukuma. Shaba haibaki ilivyotoka kiwandani: hewa huifunika utandu wa oksidi, salfa ya bahasha kuukuu huongeza yake, na unyevunyevu wa huku ziwani huharakisha mambo. Wekundu hugeuka hudhurungi, na ukibahatika hupitia zambarau na buluu. Wapimaji wana herufi tatu tu za haya yote. RD ni sarafu iliyobakiwa na angalau asilimia 95 ya wekundu wake wa awali, BN ni ile ambayo haufiki asilimia 5, na zote za katikati ni RB. Herufi hizo huja baada ya alama ya 1 hadi 70, kipimo alichokitunga William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani.

Senti 10 yangu ya 1936 ilirudi na lebo ya MS 64 BN (MS ni sarafu ambayo haijatumika). Wenzangu wakanipa pole. Pole ya nini? Igeuze polepole chini ya taa, uone zambarau imelizunguka tundu na buluu imekimbilia ukingoni. Lebo haisemi neno kuhusu hayo, na hapo nikakata nyota ya kwanza. Wauzaji hulilia RD, ilhali wekundu ndio usiotabirika: PCGS wenyewe, mojawapo ya kampuni za Marekani za kupima daraja, waliacha kudhamini rangi ya shaba kwa sarafu zilizopimwa kuanzia mwaka 2010.

(Kwa wanaouliza: ndiyo, ina jina la Edward VIII, aliyejiuzulu ufalme Desemba 1936 kabla ya kutawazwa. Kwa kuwa ina tundu, haikuhitaji kichwa cha mfalme, jina lilitosha, basi zikapigwa kwa wingi. Atakayekuambia moja inanunua shamba, mwache alime.)

Huduma ilionyesha thamani yake kwenye senti niliyoitoa sokoni Kibuye. Pembe zilikuwa zimelika, lakini sarafu nzima inang'aa kama sufuria mpya. Muuzaji aliapa haijaguswa. Sarafu iliyopita mikono mingi hadi michoro ikalika haiwezi kuwa nyekundu kote. Palipolika ndipo hutangulia kuwa hudhurungi. Kwa lenzi ya mara 10 nilikuwa nimeona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja. Ilirudi bila namba, lebo ikisema imesafishwa. Nadhani ni ndimu na chumvi, kisha waya wa kusugulia sufuria.

Wakala ndiye aliyenipotezea nyota ya pili. Sarafu zangu nilimkabidhi zikiwa kwenye vifuko vya poliesta, akazihamishia kwenye vile vya plastiki laini ya PVC, ambavyo shaba ikikaa humo muda mrefu hutoa ute wa kijani. Nilipomuuliza alisema ndivyo anavyofanya kwa wote.

Gharama nayo si mchezo. Jumlisha ada ya kupima, usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima na chake wakala: kwa senti ya kawaida unalipa zaidi ya bei yake sokoni, na kusubiri ni kwa miezi. Ukitaka kuuza ng'ambo sarafu adimu, au kuna rangi unayoshuku imepikwa kwa moto au kemikali na bei yake ni kubwa, peleka. Zangu zilizobaki hazisafiri. Ziko kwenye kopo lenye vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, ambavyo nabadilisha kila masika.